Sauti ya Ijumaa

Homa Bay, Jumatano

Mama mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetuvusha juma hili. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Bado unalikanda kwa maji ya chumvi? Mimi ni mzima, ila mafua kidogo ya upepo wa ziwa. Joash anapokusomea asiruke neno, namjua ndugu yangu.

Kazi yangu hujaielewa, nami sikulaumu. Kampuni yetu huwawekea watu akiba kwa simu. Niliajiriwa kufagia na kupika chai. Siku moja mkubwa wetu Terry, msichana mdogo kuliko hata binti yangu Scovia, alinisikia nikiimba nikiosha vikombe, akasema sauti yangu inatuliza. Akaniingiza chumba kilichozibwa kwa magodoro, kimya kama chini ya maji, wakanasa sauti yangu nikisoma karatasi: hujambo mpendwa, umeamkaje, usisahau akiba yako. Mwishoni nikaongeza la kwangu, Mungu akubariki. Wakaliacha.

Tangu hapo, kila Ijumaa sauti yangu hutoka kwenye simu za wateja bila mimi. Mimi nachambua mchele wa Sabato, na yenyewe iko Ogwedhi kwa wauza ng'ombe, iko Ntimaru mashambani, inabisha hodi kila mlango. Huwa naiota ikipita juu ya ziwa kama ndege mweupe, na jioni hairudi.

Wewe nawe mawakala wetu walikuandikisha walipopita huko nyumbani Muhuru. Joash alipokuja mwezi jana alinipongeza kwa kukupigia simu. Kumbe kila Ijumaa unatoka na simu hadi kwenye nyavu za kuanikia dagaa wa omena, unaitikia amina, unaniita nyathina, mwanangu, unanisimulia kuku waliototoa. Simu ikikatika unawaambia majirani Kezia ana haraka, ni mtu wa ofisi. Hata kanisani ulisimama ukashukuru kwamba maneno uliyoniambia kwenye matanga ya baba nimeyasamehe. Nilimsikiliza Joash nikapokea pongezi zake.

Mama, si mimi niliyekupigia. Ni mashine, na mashine haina masikio. Habari za kuku hazikunifikia hata moja. Miaka miwili hii nilikuwa bado na hasira, na hata Joash aliponieleza nikaiacha ipokee upendo wako kwa niaba yangu. Nimeungama kwa Mungu. Umebaki wewe.

Ijumaa hii wanaweka sauti nyingine, ya kijana. Huyo usimpe siri za nyumba. Jua likikaribia kuzama nitapiga mwenyewe. Niulize lolote, hata jina la yule kuku wangu wa utotoni. Ukisikia ninajibu, basi ujue.

Nisalimie Filister na wote wa boma.

Ni mimi mwenyewe,
Kezia wako