Gari Lililofunikwa Turubai

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Uniwie radhi kwa kukaa kimya tangu mvua za kwanza. Hapa Nzuguni sote tu wazima, na mizabibu imezaa vizuri.

Waniuliza kama utumie akiba yako kununua gari la zamani, ulifungie hadi bei ipande. Nami nilifanya hivyo nilipokuwa mwalimu kijana. Nilinunua Pijo jeupe, nikalifunika turubai, nikawafukuza hata kuku waliolikaribia. Siku ya harusi ya jirani, lori la kuwapeleka wageni Chamwino liliharibika. Mama wa bibi harusi, mfugaji wa Kigogo, alilifunua gari langu akacheka.

“Mwalimu, ng'ombe asiyekamwa wala kuchinjwa ni wa nini?”

Niliona haya, nikaliwasha. Wanawake saba walijibana ndani wakiimba, na vumbi likaingia kila mahali. Tulirudi rangi imechubuka, bei imeshuka, nami nikiimba kuliko wote. Sikulifunika tena.

Wiki hii amekuja mnunuzi wa Pijo hilo, mwenye bei nzuri sana. Bibi yako amejifungia ndani ya gari, anapiga honi na kusema hashuki. Nikishaamua, nitakuandikia.

Babu yako