Kahawa ya Mgeni wa Gozbert

Kinondoni, 18 Novemba 1951

Mpendwa dada Demetria,

Shikamoo. Watoto hawajambo, na paa tumeliezeka makuti mapya. Kinachonitesa ni Krismasi, maana sijui nimpe nini shemeji yako Gozbert.

Mwaka juzi nilimpa shati. Akalichana, akamfunga kidonda yule farasi anayemtunza kwa bwana wake Mzungu. Mwaka jana nikamwekea ile kahawa ya kutafuna uliyotutumia, ambayo kwetu mgeni hupewa kabla ya neno lolote. Akaibeba yote mpaka zizini Msasani, akamkaribisha farasi! Farasi akaitema. Mume wangu akarudi anacheka, eti mgeni hajazoea. Wageni wangu mie, wenye miguu miwili, waliambulia maji.

Nimechoka, dada. Ni kama nimeolewa uke wenza na mnyama.

Basi jana sokoni nikamwuliza mpishi wa yule bwana, farasi anapenda zawadi gani, niyamalize. Akanivuta pembeni. Bwana anarudi kwao Ulaya mwezi wa kwanza. Farasi ni mzee, hapati mnunuzi, kwa hiyo atapigwa risasi. Gozbert hajaambiwa, wanangoja sikukuu ipite.

Tangu jana namtazama akipiga mluzi huku akisugua brashi ya farasi, na hasira yangu sijui niipeleke wapi.

Tuma kahawa tena, dada, tena upesi. Safari hii tutakwenda zizini wote, na nitamkaribisha yule farasi kwa mikono yangu. Akitema, nitaokota.

Mdogo wako,
Auleria