Butoni ya rangi ya mawese

Riziki, mujukuu wangu,

Ni minye, Tate wako. Mukono unaoandika ni wa mudogo wako Sifa, maana weye unajua, minye shule niliipita kwa inje tu, beseni kichwani. Nimemuambia aandike vile ninasema, asinipake poda. Ameanza kulia mbele hata sijatamka kitu. Nimemuambia alie na aandike, macho na mikono si kiungo kimoja.

Kuku yako mweusi amekataa kulala kibandani, analala juu ya viatu vyako. Nimeviacha. Ile homa iliyokubeba ninaitukana kila asubuhi mbele ya sala, halafu ninaomba Mungu anisamehe, kesho ninaitukana tena.

Sasa nikuambie kilichonileta. Telefone yangu ingali inalia.

Ni ile butoni yako, pale kwenye internet tunapouzia mawese. Muntu akiigusa kule aliko, Bujumbura ao Bukavu, telefone inalia hapa kwangu, ninajibu. Nilikuwa pembeni yako siku unaichora kwenye kioo cha ordinatere, kule kazini kwenu Kimanga, munapotengenezea wachuuzi kurasa za internet, ninachambua maharagwe. Ulianza na kitu kirefu, ukazilainisha pembe zake. Ukakipaka rangi ya mawese, nzito chini, nyepesi juu. Halafu ukatandika weupe kidogo juu yake, mwepesi, rangi inaonekana chini yake. Mwisho ukaweka kivuli. Eeh, kikavimba! Kitu kilichokuwa kimelala kama karatasi, kikavimba mbele yangu kama andazi kwenye mafuta. Nikanyoosha kidole, nikakigusa na vumbi lote la maharagwe. Ukapiga kelele: "Tate! Kioo changu!" Lakini ulikuwa unacheka. Ukasema, "Weye hujui kusoma, na kidole chako kimetaka kugusa. Basi nimefaulu."

Minye sikukusifu. Nilikuambia mawese hayang'ai hivyo. Mwanga umeuweka juu, kama balbu ya kwenye dari. Mwanga unatoka ziwani! Ukanijibu, "Tate, kwenye ordinatere za dunia nzima mwanga unatoka juu." Dunia nzima gani? Hapa Uvira jua linatokea ng'ambo, kwenye milima ya Burundi, linapiga maji, linaingia kwa mulango bila hodi. Kesho yake asubuhi nikakuwekea tone la mawese kwenye sahani nyeupe, pale mulangoni. Uliinama, ukalitazama. Ukaenda kazini bila kunywa chai. Jioni ukaniletea butoni yenye mwanga wa upande wa ziwa.

Ukajificha nyuma ya ukuta wa jikoni, ukaigusa kwenye telefone yako. Telefone ikalia, nikapaza sauti, "Nani?" Cheko lako likatoka ukutani. Ukarudia. Nikapaza tena, mujinga wa mwisho. Mara ya tatu nilikuja na mwiko.

Tangu uende, kila ikilia, mbele ya kujibu ninatazama ule ukuta.

Ndiyo maana Sifa, aliyeshika kazi yako, aliponiambia butoni za kung'aa zimepitwa, minye niliwaka. Ati sasa watu wanataka zile bapa. Ati muteja wa vitenge alitazama zako akauliza kama bado munafanya kazi ao mulifunga, halafu akaenda kwa wengine. Nikamuambia: "Ukigusa kazi ya dada yako, tafuta Tate mwingine!" Mutoto akaziacha. Nikafikiri nimeshinda.

Siku nyingine nikamupelekea chakula kule Kimanga. Riziki, nimukute aje? Amekaa juu ya kigoda, kando ya kiti chako, shingo ameipinda ili aone kioo. Kiti kiko kitupu. Nikauliza, "Unakaa hivyo tangu lini?" Akasema, "Tangu tumuzike. Niliogopa utaingia unikute juu ya kiti chake."

Sikupenda akuondoe weye, kumbe ninamuondoa yeye. Nikamushika mabega, nikamukalisha kwenye kiti chako. Kimemuenea. Nikamuambia: "Zilalishe zote. Zikande kama chapati, sitasema neno. Ila ile ya mawese uiache." Akajibu, "Ile, Tate, hata ungeniomba niiondoe, ningekataa." Ujeuri huo ameutoa wapi? Kwako.

Basi zako zimelala. Nisikudanganye, niliona uchungu. Lakini ni safi, na yule wa vitenge amerudi. Yako imebaki katikati yao, nene, inang'aa ubavu mumoja, kama minye nikipiga picha na wasichana wembamba.

Na jana nikiwa ninasonga bugali, telefone ikalia. Nikapaza, "Nani?" Halafu cheko, nyuma ya ukuta wa jikoni.

Sufuria niliiacha motoni, mwanangu. Nilitoka na mwiko, bugali inadondoka. Ni Sifa, amejikunja chini, telefone mukononi, anacheka na kulia pamoja. Nilimupiga mumoja wa mugongo, wake. Nikamuongeza wa pili, huo ni wako, anakuwekea.

Lala, mutoto wa mutoto wangu. Kuku nitamulisha. Huyu anayeandika nitamulinda, na kiti ni chake. Na ile butoni ikilia, hata mikono iwe kwenye bugali, nitajibu, na "Nani?" yangu nitaipaza ifike huko uliko.

Tate wako, mwenye mwiko.