Mume Wangu Amesema

Jumapili, Songea

Amesema. Amesema mbele ya wanaume wenzake, na mimi bado nimejaa furaha.

Tangu hoteli alikokuwa akipika ifungwe kwa kukosa wageni, korona hii ilipoanza, alikuwa ananyamaza tu. Sisi wanawake tulilia pamoja bombani, tukapeana moyo. Wanaume wa mtaa wetu walijifungia na mawazo yao. Wawili walijiua bila kumwambia mtu, na niliogopa wa tatu angekuwa wangu.

Leo kwenye jumuiya, baada ya sala, alisimama. "Ndugu zangu, nilitaka kujiua. Mke wangu, Mama Neema, alinibembeleza twende hospitali, na sasa ninasaidiwa. Nasema ili mwingine asinyamaze."

Mzee mmoja akaguna kwamba mwanaume halii. Imeniudhi mpaka sasa. Lakini jirani yetu, fundi seremala, akainuka huku machozi yanamtoka.

"Hata mimi, Baba Neema. Naomba unipeleke huko."

Kesho asubuhi wanakwenda pamoja. Jioni hii mume wangu amemaliza ugali, akaomba wa kuongeza. Nimeusonga nikiimba.