Mayai ya Susu Asiyekula Mayai

Jumatatu, 5 Desemba 1983
Barua kutoka Mombasa! Baba Mdogo Mbuvi anakuja Jumamosi, akae nasi mpaka Sikukuu ya Jamhuri ipite. Miaka sita hajakanyaga hapa Tawa. Ameandika hataki nyama wala wali. Anataka mayai ya kunde, yale ya mama yake, Susu, bibi yangu. Susu alicheka mpaka leso ikamtoka kichwani. Halafu akakumbuka mkono. Aliteleza kisimani wiki jana na bado umefungwa. Akaninyooshea kidole: "Ndila atapika."

Mimi! Mtu ambaye akitazamwa hata chai inamshinda.

Jumanne, 6 Desemba
Somo la kwanza. Majani machanga ya kunde, siagi ya kibuyu, mayai manne. Susu haangalii sufuria, anasikiliza. Majani yakinyamaza, mwaga mayai. Chumvi — kiganja kizima! Nikauliza ladha yake inatakiwa iweje.

"Nitajuaje? Sijawahi kuonja."

Kweli. Kwao msichana hakupewa mayai, na mpaka leo hajala hata moja. Mama yake ndiye aliyemfundisha, naye pia hakuonja. Miaka arobaini Susu anawapikia watu kitu asichokijua! Nimewaza jambo hili siku nzima.

Alhamisi, 8 Desemba
Nimepika peke yangu. Kile kiganja kilinitisha — mwalimu wetu wa upishi shuleni angezimia. Nikaweka kijiko kidogo kimoja. Baba alionja, akatazama dari. Mazuri, akasema, lakini si ya Mwaitu. Ndivyo anavyomwita mama yake. Dada Mumbua akadakia: kumbe mtihani wa upishi nilifaulu kwa kalamu tu!

Nikajificha ghalani. Mayai yamebaki saba, na matatu kati ya hayo Susu anataka kuku ayaatamie. Nikiharibu Jumamosi, basi.

Ijumaa, 9 Desemba
Kuni tayari. Nitafanya kama alivyosema Susu, kiganja kizima. Mungu nisaidie.

Jumamosi, 10 Desemba
Amefika! Amenenepa, ana kofia, anaita kila mtu "bwana", hata mbuzi. Wote wakajazana jikoni kutazama. Nikawaambia watoke. Mimi, niliwaambia watu wazima watoke! Akabaki Susu tu, amefumba macho. Tukasikiliza. Majani yakanyamaza. "Sasa!" tukasema pamoja.

Baba Mdogo akala kijiko kimoja, akakiweka chini. Kumbe anafuta machozi. "Haya ndiyo! Haya ndiyo, bwana!" Baba naye akachota bila kunawa.

Sijui nilipatwa na nini. Nilijaza kijiko, nikampelekea Susu mbele ya watu wote. Nikasema, Susu, onja. Mumbua akajishika mdomo. Susu akakitazama kile kijiko kama dawa ya minyoo. Akakipokea. Akatafuna polepole sana.

"Chumvi nyingi!"

Baba Mdogo akamwambia ndivyo yalivyo, Mwaitu, tangu tukiwa watoto.

"Miaka arobaini! Na mmenyamaza tu?"

Baba akasema wao walidhani mayai yote duniani ndivyo yalivyo. Mumbua akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa wanabishana uani. Baba Mdogo anaapa chumvi haitapunguzwa hata punje, hakusafiri kutoka Mombasa kuja kula mayai ya hoteli. Susu ameenda kuyatoa yale matatu — kuku anapiga kelele kama anaibiwa! Anasema leo anapika ya kwake, ale mwenyewe, na kama ana mkono mmoja, mimi nitakuwa wa pili. Nimekimbilia chumbani niandike haya kabla hayajanitoka.

Majani yameshaingia kwenye siagi, nayasikia kutoka hapa. Susu ananiita.

"Ndila! Chumvi tuweke kiasi gani?"

Ananiuliza mimi. Kelele za uani zimekatika zote. Wananingoja nijibu, na majani nayo yanaanza kunyamaza —