Anwani Niliyompa Ronny

Tateyama, Japani
21 Julai 2024

Mama mpendwa,

Habari za huko? Natumaini goti limepunguza ukorofi na wazee unaowatunza kazini hawakusumbui mno. Mimi sijambo, ila joto la hapa linanipika pamoja na shati. Naandika kwa kalamu kama ulivyoagiza. Kweli tukipigiana simu huwa tunaanza kwa salamu tukamalizia kwa kununiana.

Huku kila kitu kina kikatuni chake. Polisi wana kikatuni, benki ina kikatuni, hata bango la kukataza kutupa taka lina kabeji yenye macho, inalia. Treni ikichelewa dakika mbili, mtu anaomba radhi kwenye kipaza sauti utadhani ameua ng'ombe wa jirani. Wanafunzi wangu wanajifagilia darasa na hakuna anayenung'unika. Ronny angezimia kwa furaha. Nikiona madirishani wale watu wa macho makubwa aliokuwa akiwachora, najua ndoto hii ilikuwa yake. Mimi nimeivaa tu, kama koti la marehemu.

Nimeaibika pia. Kwenye karamu ya walimu nilichomeka vijiti vya kulia wima katikati ya wali, nikanyoosha mkono kuchukua soda. Mwalimu wa kando yangu akavichomoa upesi. Kumbe hivyo ndivyo wanavyomwandalia maiti! Nilimsimulia mwenye nyumba wangu, Bi Setsuko, mjane wa miaka sabini na tisa. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaniuliza nina marehemu gani, maana mwezi wa nane huku wafu hurudi majumbani kwa siku chache, na yeye humwashia mumewe moto langoni ili aione njia. Nikamwambia sina. Sijui kwa nini nilidanganya.

Mwanao,
Ivan


Sparkbrook, Birmingham
2 Agosti 2024

Mwanangu Ivan,

Barua yako imenikuta mzima, namshukuru Mungu. Wewe kula vizuri, picha uliyotuma inaonyesha masikio tu. Hardeep wa nyumba ya pili anakusalimu, anauliza kama umeshapata mke Mjapani. Nimemwambia mtu asiyejua kukaa mezani ataolewa na nani, sembuse kuoa.

Sasa nisikilize. Nyanya yako kule Butere hakuruhusu jina la marehemu litajwe mtu akiwa amesimama mlangoni. Sisi tumeokoka, hatuna haja ya miiko yake wala ya huyo bibi yako. Mheshimu, mbebee vikapu, kula chakula chake. Lakini siku ya moto wake kaa mbali. Usimwite mtu. Ndugu yako analala salama, na mimi ndio kwanza mwaka huu nimeanza kulala.

Chumba chake nimekifungua. Mwezi wa tisa anaingia Jemima, binti wa kanisani kwetu anayesomea uuguzi. Vile vitabu vya katuni nimevipanga masandukuni kwa mpangilio wake mwenyewe. Imenichukua siku tatu. Sikulia.

Mama yako


Tateyama
14 Agosti 2024

Mama,

Hujambo? Goti? Nimekuasi, na ni heri usikie kutoka kwangu.

Jana Bi Setsuko alitia tango miguu ya vijiti, eti ni farasi wa kuwaleta wafu mbio. Kando yake akaweka bilingani, ng'ombe wa kuwarudisha polepole, kwa kuwa hakuna anayetaka waondoke upesi. Mimi nilikwenda kumshikia ndoo ya maji tu. Akawasha mabua makavu langoni, akamwita mumewe, akamtajia nyumba ilipo. Watu wa hapa hata wakienda kuomba hekaluni hutaja jina na mahali wanapoishi, wasije wakajibiwa wengine. Kisha akanisogezea mabua. "Mwite wako sasa. Mwambie aje wapi." Alikuwa anajua siku zote.

Nikasema, "Ronny." Nikataja anwani. Lakini Mama, mdomo haukutoa anwani ya hapa. Ulitoa ile uliyotukaririsha utotoni ili tusipotee Stratford Road: namba ya nyumba, mtaa, Sparkbrook, mpaka herufi za posta. Moto ulipozimika ndipo nilipojua nimesema nini.

Na kuna jambo la miaka mitatu. Siku ile pumu ilipombana, nilikwambia sikusikia kitu. Nilisikia. Aligonga ukuta kati ya vyumba vyetu. Mara tatu, akanyamaza, mara tatu tena. Asubuhi tulikuwa tumegombania chaja, nikadhani ananichokoza, nikaongeza sauti ya mchezo. Nilipotoka kwenda kunywa maji ndipo nilipomkuta. Nimelibeba peke yangu, Mama, na limenishinda.

Mwanao,
Ivan


Sparkbrook
16 Agosti 2024

Mwanangu Ivan,

Salamu. Nakuandikia kabla sijapata jibu lako, kwa sababu nikimwambia mtu wa hapa atasema shifti za usiku zimenichosha akili.

Jumanne nilikuwa nimetoka kazini, nakunywa chai jikoni, saa nne na nusu asubuhi. Juu kukagongwa. Mara tatu, kimya, mara tatu. Nikapanda. Ni ukuta wa kati, wa chumba chako na cha Ronny, na vyumba vyote viwili vitupu. Jumatano, saa ile ile. Jana Hardeep, ambaye ni fundi wa mabomba, alikuja akafungua sakafu mpaka pembeni. Akasikia na yeye. Alikusanya vifaa vyake haraka akaniambia, "Auntie, mabomba yako ni mazima." Hakutaka hata chai.

Leo pia. Nimeomba, nimepaka mafuta miimo ya milango. Naogopa, Ivan. Niombee.

Mama yako


Tateyama
28 Agosti 2024

Mama,

Barua zetu zimepishana njiani. Bila shaka sasa umesoma yangu, na umeelewa. Nimehesabu saa. Nilipomwita, hapa ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwenu, saa nne na nusu asubuhi.

Kuna mengine. Tarehe kumi na sita huwasha moto wa pili, wa kuwarudisha. Bi Setsuko alinibishia hodi nikajifanya mgonjwa. Sikuweza kumuaga mara ya pili. Sasa nimemweleza yote. Hakunilaumu, ila anasema aliyemwita ndiye anayemrudisha, wala wafu si wageni wa kuachwa sebuleni. Tutawasha Jumapili, tarehe 15 Septemba, saa ile ile. Wewe nawe umuage ukiwa huko.

Kuhusu yale ya ukuta, nangoja neno lako. Lolote.

Mwanao,
Ivan


Sparkbrook
7 Septemba 2024

Ivan,

Usiwashe.

Yale ya ukuta sina neno. Nikifungua kinywa nakuta hasira tu. Lakini moto usiwashe. Simwogopi tena. Jemima nimemwambia atafute kwingine, na masanduku nimeyafungua. Kazini nimeomba ruhusa. Kanisani siendi, ibada inaingiliana na saa yake. Naketi kitandani pake nikimngojea, chai siinywi mpaka amalize, na mara nyingi baada ya hapo chakula hakipiti. Akigonga, nami nagonga.

Wewe ulimsikia ukaongeza sauti. Mimi naitika. Usininyang'anye mara ya pili.

Mama yake Ronny


Tateyama
16 Septemba 2024

Mama,

Nimewasha.

Barua yako ilifika Jumamosi. Nimeisoma mpaka imelegea, hasa pale ulipotia sahihi. Nilitaka kukutii. Nilikaa na kiberiti mkononi jua likazama, Bi Setsuko amenishika kiwiko. Lakini ulisema chakula hakipiti. Nilimwacha mmoja afie upande wa pili wa ukuta, Mama. Sikuweza kukaa nimsikie wa pili.

Nilimwomba radhi. Nilimwambia nchi yake ni nzuri, treni ni kama alivyosema. Halafu nikamuaga kwa jina.

Nichukie ukitaka. Lakini kula.

Ni mimi mwanao, bado,
Ivan


Sparkbrook
3 Novemba 2024

Mwanangu,

Sijui unaanzaje salamu kwa mtu uliyemnyima neno wiki saba. Goti limepoa. Hujambo wewe?

Jumapili ile nilikuwa kitandani pake. Aligonga mara tatu, nikaitika. Nikangojea zile tatu za pili. Mpaka leo. Nilikuandikia barua nne za matusi nikazichana, maana kila nikifika mwisho niliona ninayemtukana siye.

Siku ile, kabla hajagonga ukuta, Ronny alinipigia simu mimi. Mara mbili. Nilikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Nikaona jina lake, nikasema hawa na chaja yao, nikailaza simu kifudifudi, nikaendelea kuimba. Kabla sijafika hospitalini nilikuwa nimezifuta zile simu zisionekane. Na tangu hapo, kila tulipogombana, nilikwambia nini? "Wewe ndiye uliyekuwa nyumbani." Nilikuona ukikonda, nikakuona ukihamia upande mwingine wa dunia, na bado nikanyamaza. Mmoja wetu ilibidi awe na hatia, nikaona bora uwe wewe.

Wewe unadhani alikuja kwa sababu ulikosea anwani. Mimi sidhani. Nadhani alikuwa bado ananitafuta, na alipoona nimeitika ndipo alipokubali kwenda. Au nimejitungia ili nilale. Sijui, Ivan. Nyumba imenyamaza.

Wali nimepika leo, nimemaliza sahani.

Jumapili nitakupigia. Sitasema maneno yale tena. Ukiona jina langu, tafadhali, baba yangu, pokea.

Mama yenu