Mtu wa Upepo Hawezi Kusuka Kiondo

Susu wangu, nyanya uliyenilea,

Nimeolewa. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu uliondoka ukiamini kwamba nitazeekea Nuu nikichambua wanaume kama mtu anayechambua maharagwe. Nimechambua, Susu, na huyu hana jiwe. Anaitwa Musyoka, kwao ni Kalamba, na nikiandika "mume wangu" herufi zinapinda kama za mtoto aliyepewa peni siku ya kwanza. Mume wangu. Narudia kwa raha yangu tu. Akipita mlangoni asubuhi na jembe begani ninasahau nilichoweka motoni. Wiki hii nimeunguza uji, na wewe ungeniuliza uji unaunguzwaje.

Siku ya harusi nilikutafuta. Najua nilikuwepo tulipokuzika, lakini wale wanawake walipoingia wakiimba, nikaangalia nyuso zao moja moja, nikitafuta ile iliyokunja midomo. Hukuwepo. Basi nikaendelea kutabasamu.

Lakini sijaandika ili nilie. Nimeandika kwa sababu kuna mtu hapa ambaye ningependa umfahamu, ili na wewe umdharau. Kumdharau peke yangu kunanichosha, na wewe ulikuwa na kipaji.

Ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Anafundisha shule ya msingi, na kila mtu humwita Mwalimu, hata mama aliyemzaa. Likizo ya Agosti alikwenda semina. Wengine wakitoka safari hurudi na mkate. Huyu alirudi na aina za binadamu: watu wa moto, watu wa maji, watu wa upepo na watu wa udongo. Kila mmoja wetu, anasema, ni wa aina moja tangu tumboni, na aina hiyo ndiyo inayoamua utapenda sanaa gani na mikono yako itaweza nini. Wa moto ni wa ngoma. Wa maji ni wa mashairi na machozi. Wa upepo, yaani sisi tunaoongea na kucheka, ni wa kwaya. Wa udongo, wale wakimya, ndio wa kuchonga, kufinyanga na kusuka. Huyasema haya akiwa amefumba macho, kama mtu anayeombea chakula huku chakula kinapoa.

Mimi alinitia kwenye upepo kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Mume wangu, udongo. Musyoka wangu, Susu. Ni kweli anaweza kumaliza siku nzima bila kusema zaidi ya "ndiyo" na "iko wapi chumvi." Lakini redio ikipiga gitaa, anakwenda nyuma ya ghala anakodhani haonekani, na anaruka. Anaruka hadi kuku wanakimbilia kwa jirani. Mara ya kwanza nilipomwona nilishika ukuta, nikamshukuru Mungu kwa miguu ile. Sasa niambie, ni udongo gani unaoruka hivyo? Nilipomuuliza Mwalimu, alisema mimi ninamwona mume wangu kwa macho ya mapenzi. Alitaka nimwone kwa macho ya nani?

Hata hayo ningeyacheka na kuyaacha. Kisha akagusa kiondo changu.

Unajua mila yetu. Bibi harusi huingia jikoni kwa mama mkwe na kiondo alichokisuka mwenyewe. Tangu siku hiyo mama mkwe hukibeba sokoni na kanisani, na akiulizwa hujibu, "Nimesukiwa na mke wa mwanangu." Ukileta cha kununua, umeanza ndoa yako kwa uongo. Hatakwambia kitu. Atakining'iniza stoo, kuku watagie humo.

Changu nilikisuka muda wote wa uchumba, kwa makonge yale tuliyochemsha pamoja, na ile rangi ya kahawia ya magome uliyonionyesha. Mama mkwe alikipokea kwa mikono miwili. Alikigeuza, akasukuma kidole kwenye kitako, kidole hakikupita, na uso wake ukalainika. Ndipo Mwalimu akakichukua. Alikitazama, akasema kwa ile sauti ya upole anayowawekea watoto wazito wa kuelewa darasani, "Mama, hii ni kazi ya mtu wa udongo. Mwende ni mtu wa upepo. Mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba Kibwezi, pale barabarani, vyondo kama hivi vinauzwa."

Nasema tu. Mtu akikuita mwongo kwa sauti ya maombi unamjibu nini? Mama mkwe alikiweka kiondo juu ya gunia. Hakukitundika. Msumari ulikuwa wazi ukutani na wote tuliuona.

Nilitamani kumweleza habari zako. Wewe uliyegombana na soko zima la Nuu. Wewe uliyemtukana yule mwenye mbuzi mpaka akakuachia mbuzi akaenda zake. Angekutia kwenye moto bila kusita. Lakini hukucheza ngoma hata siku moja. Ulisema ngoma ni ya watu wasio na kitu mikononi. Na ulimi wako wote ule ulikaa ndani ya mtu mmoja na vile vyondo vyako vyeupe, vyenye mstari mmoja mwembamba tu, vilivyotulia kama asubuhi ya Jumapili. Kwa elimu ya Mwalimu, wewe hukuwahi kuishi.

Akapendekeza nijaribiwe, bila ubaya. Nikawekewa kiti barazani, nikapewa nyuzi. Wote waliambiwa wanyamaze, "kwa maana kazi ya mikono hutaka utulivu." Mwalimu aliketi mbele yangu kama msimamizi wa mtihani. Mume wangu alisimama karibu na nguzo akitazama vidole vya miguu yake. Nikaanza kitako.

Susu, mikono ilikataa.

Hukuwahi kunifundisha nimekaa. Ulinifundisha njiani kwenda kisimani, kiondo kikiwa kimening'inia kwenye kiwiko, nyuzi zinapepea mbele yetu, wewe unawachambua majirani na mimi nakujibu. Vidole vyangu vilijifunzia ndani ya maneno. Sikujua hilo mpaka nilipofungwa mdomo. Kwenye ukimya ule sikujua uzi upi upite juu na upi upite chini. Kilichotoka kilifanana na sikio la mbwa mzee. Mwalimu akakishika, akatikisa kichwa na kusema, "Usijilaumu. Ni upepo." Alinihurumia. Angenipiga kofi ningemheshimu zaidi.

Musyoka alinifuata jikoni. Alikaa karibu nami, akasema, "Najua ni chako." Kwa mtu kama yeye hiyo ni hotuba. Nililia kidogo kwa ajili ya mapenzi na sana kwa ajili ya hasira, maana mume kuniamini ni jambo tamu, lakini kiondo hakikusukiwa mume.

Asubuhi mama mkwe akaniita. "Chukua debe, twende mtoni." Nilijitwika debe, na nyuzi nikazifunga kiunoni kwa mazoea tu. Njia ya huku ni mchanga mrefu. Tulipopita shamba la mbaazi akauliza, "Huyo nyanya yako aliyekulea, alikuwa mtu wa namna gani?"

Nani alimtuma aniulize hivyo? Nilianza na mbuzi. Nikaenda kwa yule mke wa mhubiri uliyemwambia sauti yake ingefaa kufukuza ndege kwenye mtama. Mama mkwe alicheka mpaka akashika kiuno. Nikaendelea, na sijui nilifikaje kwa mwanawe, lakini nilifika. Nikamwigiza, macho nimefumba na kila kitu. Halafu nikakumbuka kwamba huyo ni kifungua mimba wake, nikanyamaza.

"Endelea," akasema. "Hata alipokuwa mdogo alikuwa akipanga kuku kwa rangi. Wakichanganyika, analia."

Nikaendelea. Tulipofika mtoni alinishika mkono akauinua. Kitako cha kiondo kipya kilikuwa kimeisha, duara kamili, na pembeni mistari imeanza kupanda. Sikuwa nimekitazama hata mara moja. Akasukuma kidole. Hakikupita. Tuliporudi alikiondoa kile kiondo changu juu ya gunia, akakipangusa kwa lesso yake, akakitundika.

Jumapili alikwenda nacho kanisani, Biblia ndani, akaketi mbele kabisa ambapo Mwalimu anaongoza kwaya. Hiyo kwaya nayo, Susu. Amechagua watu wachangamfu peke yao, na wanaimba kama abiria wanaodai chenji. Baada ya ibada mama mkwe akamsimamisha mbele ya wanawake wenzake. "Huyu mtu wako wa upepo amesuka, na mimi nikiona. Sasa unasemaje?"

Nilisubiri aseme amekosea. Hilo tu. Alifumba macho, akafikiri, akasema, "Basi kwa ndani Mwende ni mtu wa udongo. Huo upepo ni wa juu juu."

Umemwona? Yuko tayari kunifukua na kunipanda upya kuliko kuharibu vijisanduku vyake vya aina za watu. Mtu kama huyo hachukiwi hata. Unamtazama tu, kama unavyomtazama jogoo anayewikia taa.

Jana alikuja mke wake, Kavata. Ni binti wa wafanyabiashara wa Kitui mjini, ana kicheko kinachosikika mpaka barabarani, na kwao hawakusuka. Siku nyingi ametaka kujifunza, na mumewe amemwambia kwamba mtu wa aina yake atamaliza makonge bure. Alikuwa ameficha fungu la nyuzi chini ya lesso. Akatazama nyuma, akaketi.

"Nifundishe," akasema. "Nasikia ni lazima tuwe tunaongea. Tutaongea nini?"

"Tutaongea habari za Mwalimu."

Akazipima zile nyuzi kwa mkono wake. "Basi nikaongeze nyingine. Hicho kitakuwa kiondo kikubwa."

Tunaanza kesho, njiani.

Kaa salama huko, Susu wangu mkali. Nakuahidi kitu kimoja. Mungu akinijalia binti, sitamuuliza yeye ni wa upepo au wa udongo. Nitamfunga nyuzi kiunoni, nitamshika mkono tutoke, na jina la kwanza atakalosikia njiani likisemwa vibaya na kupendwa litakuwa lako.

Mjukuu wako, mke wa Musyoka,
Mwende